Ni kweli Newton alichora ramani ya Hekalu la Sulemani?

Msuguano aliuliza:

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine habari za jioni.

Nafundisha fizikia sekondari. Alhamisi nilikuwa na kidato cha tatu, tuko kwenye sheria za mwendo, na kengele inakaribia kugongwa. Binti mmoja wa dawati la mbele, ambaye baba yake ni mzee wa kanisa, akanyoosha mkono: "Mwalimu, huyu Newton si ndiye aliyepima Hekalu la Sulemani?" Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa na jibu. Nikamwambia nitamjibu Jumatatu.

Tangu siku hiyo nasoma usiku. Kwamba aliandika juu ya Hekalu, hilo nimeshalithibitisha. Tatizo ni kwamba kila ninapogusa nakuta habari nyingine: huyu anasema uzee ulikuwa umeshamwingia kichwani, yule anasema vipimo vya Hekalu ndivyo vilivyomfungulia kanuni ya uvutano, mwingine ana video ya saa nzima kwamba humo ndimo alimokokotoa mwisho wa dunia kuwa 2060. Mtoto kauliza swali safi, sitaki kumjibu kwa uvumi.

Aliyeisoma habari hii kwa utulivu anisaidie. Alikuwa anatafuta nini hasa? Jengo ambalo halipo alilipimaje? Na alipata nini?

Pwani_Kwetu:

Mkuu, ninavyofahamu mimi, alihitaji ukubwa wa dunia ili hesabu ya uvutano ikae sawa, na ukubwa huo ulikuwa umefichwa kwenye vipimo vya piramidi. Ndiyo maana akahangaika na dhiraa, kile kipimo cha kale cha urefu. Hekalu limeingia kwa mlango huo wa dhiraa.

MzeeSkeli:

Marahaba Mwalimu. Nina miaka 67, na kwa miaka 34 kazi yangu ilikuwa kuchora ramani za majengo, sehemu kubwa kwa rula ya T na wino, kabla kompyuta hazijaingia ofisini kwetu. Habari hii mimi niliiingia kwa mlango wa fani yangu, kwa hiyo nitakujibu kama mchora ramani.

La uzee liondoe kabisa. Kitabu chenye maelezo ya Hekalu kilitoka London 1728, mwaka mmoja baada ya Newton kufa, na watu wakiona mwaka huo wanadhani ni kazi ya mzee aliyechoka. Kitabu chenyewe kinapanga upya tarehe za falme za kale, na sura ya tano yote ni Hekalu, pamoja na michoro mitatu. Lakini upo muswada wake wa Kilatini juu ya umbo la patakatifu pa Wayahudi, siku hizi uko Maktaba ya Huntington, California, na wataalamu wanauweka kwenye miaka ya 1680. Hiyo ndiyo miaka aliyokuwa akiandika Principia, kitabu chake cha sheria za mwendo na uvutano, kilichotoka 1687. Mkono ni uleule na meza ni ileile. Halafu Krismasi ya 1725, siku aliyotimiza miaka 83 kwa kalenda ya Kiingereza ya wakati ule, daktari William Stukeley alimtembelea, wakazungumza Hekalu la Sulemani. Stukeley naye alikuwa amelichora mara nyingi, akakuta mzee anayo michoro yake. Ni miaka arobaini mtu hajaliacha jengo hilo.

Ndugu Pwani_Kwetu, hiyo ya ukubwa wa dunia nimekutana nayo sana, lakini haiko hivyo. Vipimo vya dunia alivyotumia kwenye Principia ni vya Mfaransa Jean Picard, aliyepima ardhi kwa pembetatu kaskazini mwa Ufaransa na kuchapisha 1671. Newton hakuhitaji piramidi kwa kazi hiyo. Piramidi aliihitaji kwa ajili ya Hekalu, na hapo ndipo utamu ulipo, nitafika.

Alikuwa anatafuta nini? Aliamini Hekalu la Sulemani, lile ambalo nabii Ezekieli alionyeshwa katika maono, na lile linaloonekana kwenye Ufunuo wa Yohana, yote yana ramani moja. Kwake unabii ulikuwa kama tendo linalochezwa ndani ya jengo. Usipojua madhabahu iko wapi, mlango unaelekea wapi na nani anaruhusiwa kusimama ua gani, utasoma Ufunuo na hutajua nani kaingia na nani katoka. Jambo la pili, aliamini dini ya kwanza kabisa ya wanadamu ilikuwa watu kukusanyika kuzunguka moto uliowekwa katikati, mfano wa jua na sayari zake. Hili la pili likumbuke, litarudi.

Sasa kupima. Alikuwa na Ezekieli sura ya 40 mpaka ya 43, ambako mtu mwenye mwanzi wa kupimia anamtembeza nabii lango kwa lango. Alikuwa na 1 Wafalme 6 na 7, alikuwa na Yosefu mwanahistoria, Talmudi ya Wayahudi, na Maimonides, msomi wao wa zama za kati. Na alikuwa na mpinzani: Juan Bautista Villalpando, Mjesuiti wa Hispania, ambaye kazi yake juu ya Ezekieli ilichapishwa Roma kuanzia 1596 kwa fedha za Mfalme Filipo wa Pili. Michoro ya Villalpando ni mizuri ajabu. Nguzo, madirisha, ghorofa juu ya ghorofa, ungedhani ni ikulu ya Hispania ya siku zake. Newton alimheshimu kama mfasiri bora wa Ezekieli, ila aliona kakosea mengi. Na ukiweka michoro yao pamoja unaona tofauti ya watu wawili: mmoja anachora anachotamani kukiona, mwingine anachora kile tu ambacho maandishi yamempa namba yake. Mimi ni wa upande wa huyo wa pili, na sijifichi.

Nilipostaafu nilikaa na sura hiyo ya tano nikaichora upya kutoka kwenye maneno yake, bila kuangalia michoro yake. Nilichukua karatasi ya A1, milimita moja kwa dhiraa moja. Anaanza ndani kwenda nje. Mraba wa dhiraa 100 wa mahali palipotengeka, ambapo nyumba yenyewe inasimama. Mbele yake, upande wa mashariki, mraba mwingine wa 100, ua wa makuhani, na madhabahu katikati yake. Magharibi ukuta, pande tatu nyingine sakafu ya mawe yenye upana wa dhiraa 50 na majengo ya makuhani juu yake. Hapo una 250 kwa 200. Nje yake ua wa watu, dhiraa 100 kila upande. Tena ukuta magharibi, tena sakafu ya 50 pande tatu. Sasa jumlisha. Kaskazini kwenda kusini: 200, ongeza 100 mara mbili, ongeza 50 mara mbili, ni 500. Mashariki kwenda magharibi: 250, ongeza 100 mara mbili, ongeza 50 moja tu kwa sababu magharibi kuna ukuta, ni 500. Mraba kamili, pamoja na kwamba upande mmoja haufanani na mitatu mingine.

Nikaweka rula kutoka ukuta wa magharibi mpaka madhabahuni. Ua wa nje 100, mahali palipotengeka 100, nusu ya ua wa makuhani 50. Ni 250. Madhabahu imekaa katikati ya mraba wa 500 kwa milimita. Moto katikati, watu pande zote. Niliinua penseli nikakaa kimya kidogo. Nyumba takatifu yenyewe, ile iliyofunikwa dhahabu, ndani yake ni dhiraa 60 kwa 20, na kwenye karatasi yangu ilikuwa sawa na kifutio. Imesogezwa magharibi. Kitovu ni moto.

Kisha nikafika kwenye njia ya nje, dhiraa 50 kila upande, na ukuta wa mwisho wenye urefu wa 600. Karatasi ya A1 ina upana wa milimita 594. Nikagundisha kipande.

Sasa dhiraa. Ramani isiyo na kipimo cha kweli ni picha tu, na Newton alilijua hilo. Aliandika insha nzima juu ya dhiraa takatifu ya Wayahudi, ikachapishwa 1737 pamoja na kazi za John Greaves. Huyu Greaves alikuwa Mwingereza aliyekwenda Misri mwishoni mwa miaka ya 1630, akaingia ndani ya Piramidi Kuu na kupima kwa uangalifu ambao hakuna aliyekuwa amewahi kuuonyesha pale. Chumba cha Mfalme alikipata futi 34.38 kwa urefu na futi 17.19 kwa upana. Newton, ambaye hakuwahi kutoka Uingereza, akazitazama namba hizo mezani kwake. Akawaza kama fundi: hakuna anayeamua kujenga chumba cha futi 34 na nukta 38. Mjenzi huanza na namba nzima za kipimo chake. Upana ni nusu ya urefu, basi chumba ni dhiraa 20 kwa 10. Gawanya. Dhiraa ya Memfisi, mji wa kale wa Misri, ni futi 1.719, yaani inchi 20.63.

Mwaka 1880 Flinders Petrie, mwanaakiolojia Mwingereza, alikwenda Giza na vifaa bora zaidi, akapima chumba hichohicho, na dhiraa aliyoitoa ni inchi 20.62. Mwalimu, hiyo ni tofauti ya unene wa karatasi mbili tatu, kati ya mtu aliyekaa ndani ya piramidi siku nyingi na mtu ambaye hakuwahi kuiona.

Kutoka hapo kwenda dhiraa takatifu njia inakuwa na ukungu. Kwenye insha aliichukua ile ya Memfisi kama dhiraa ya kawaida ya viganja vitano, akaongeza cha sita, ikatoka karibu inchi 25. Kwenye kitabu cha 1728 anatumia inchi 21 na nusu, au karibu 22. Hazilingani. Kwangu hizi ni alama za mtu ambaye bado anafanya kazi.

Usomaji_wa_Kale:

Mzee Skeli, ahsante sana, nimesoma mara mbili. Mimi nafundisha Agano la Kale chuo cha theolojia, naomba niongeze kitu kimoja ambacho Mwalimu anaweza kukionyesha darasani kwa Biblia ya Kiswahili ya Union Version.

Afungue Ezekieli 42, mstari wa 16 mpaka 20. Pale malaika anapima pande nne, kila upande mianzi mia tano. Mwanzi mmoja ni dhiraa sita (40:5). Kwa hiyo upande mmoja ni dhiraa 3,000. Kwa dhiraa ya Newton ya inchi 21 na nusu hizo ni zaidi ya mita 1,600. Mji wote wa kale wa Yerusalemu ulio ndani ya kuta leo haufiki kilomita ya mraba moja. Hekalu lingemeza mji na mabonde yake yote mawili.

Union Version imefuata Kiebrania, na Kiebrania kinasema mianzi. Lakini tafsiri ya kale ya Kigiriki, ile ya Sabini, inasema dhiraa mia tano. Na Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, katika sehemu yake inayoeleza vipimo vya Hekalu, inasema mlima wa Hekalu ulikuwa dhiraa 500 kwa 500. Newton alifuata dhiraa. Ndiyo maana ramani aliyoichora Mzee Skeli inafunga.

Ninalipenda hili kwa sababu wanafunzi wangu wengi wanadhani kuhoji neno moja la maandiko ni kukosa imani. Newton aliamini kila kipimo kimetoka kwa Mungu, na kwa sababu aliamini hivyo alilinganisha maandishi mpaka apate lile ambalo mwandishi wa kunakili alilipotosha. Aliheshimu kitabu kiasi cha kukikagua.

Jiwe_Hai:

Pamoja na heshima zote kwa mzee, Mwalimu asimwachie binti picha ya upande mmoja. Newton alidhani Hekalu la Sulemani ndilo hekalu kubwa la kale kuliko yote, kwamba Wamisri walijenga yao kwa mfano huo, na Wagiriki wakachukua kwa Wamisri. Hilo limeanguka. Piramidi ya Giza ambayo aliitumia kupata dhiraa ina zaidi ya miaka 1,500 kabla ya Sulemani. Na huko kaskazini mwa Syria wachimbaji walifukua hekalu la Ain Dara, na la Tell Tayinat, ambako leo ni Uturuki, lilifukuliwa miaka ya 1930: ukumbi wa mbele na nguzo mbili, chumba kirefu, kisha patakatifu pa ndani. Ni mpango uleule wa 1 Wafalme 6. Ain Dara lilianza kujengwa kabla ya Sulemani. Kwa hiyo Sulemani, na mafundi wa Hiramu wa Tiro, walijenga kwa desturi ya eneo lao.

Na Ain Dara lenyewe lilipigwa kwa mabomu ya ndege Januari 2018. Kwenye vizingiti vyake kulikuwa na nyayo kubwa za miguu zimechongwa kwenye jiwe, kama za mungu anayeingia ndani, karibu mita moja kila unyayo. Sehemu kubwa ya jengo imeharibiwa. Inauma.

MzeeSkeli:

Ndugu Jiwe_Hai, nakubaliana nawe neno kwa neno. La nani alimwiga nani, Newton alikosea, na alikosea kwa sababu alizifinya tarehe za Misri ili zimtoshe Sulemani. Na ramani yake ni ya Ezekieli zaidi kuliko ya Sulemani. Nyua zile mbili zenye namba zote hizo hazimo kwenye Wafalme. Yerusalemu hakuna jiwe la Hekalu la Sulemani lililofukuliwa ambalo tungeliwekea rula. Ninachokitetea ni namna alivyofanya kazi. Uzito wa ile 20.63 haupungui kwa sababu ya makosa ya sura nyingine.

Habari ya Ain Dara inauma kweli.

Msuguano:

Wakuu, sina la kusema zaidi ya ahsante. Mzee Skeli, nimechukua kikokotoo nikagawa 34.38 kwa 20 mwenyewe, nikaizidisha kwa 12, nikaiona ile 20.63 inatokea. Hilo peke yake ni kipindi kizima kuhusu vipimo.

Nina mawili tu. Hii 2060 nimjibu nini? Kwa maana atauliza, namjua. Na je, naweza kuwachoresha ile ramani? Wako 52 darasani na karatasi za A1 hatuna.

Usomaji_wa_Kale:

La 2060 nijibu mimi, Mwalimu. Liko kwenye karatasi zake nyingine. Sehemu kubwa ya karatasi zake za dini ziliuzwa kwenye mnada London 1936. Nyingi zilikusanywa na Abraham Yahuda, msomi mzaliwa wa Yerusalemu, na leo ziko Maktaba ya Taifa ya Israeli huko huko Yerusalemu. Pale alichukua siku 1,260 za unabii kama miaka, akaanzia mwaka 800 alipotawazwa Karolo Mkuu kuwa kaizari, ikatoka 2060. Lakini alisema haoni sababu ya mwisho kuja kabla ya hapo, na akaeleza sababu ya kuandika: kuwanyamazisha wanaotangaza tarehe kila mara na kuufanya unabii udharauliwe kila tarehe yao inapopita. Mwambie binti hivyo, ataelewa.

MzeeSkeli:

Karatasi achana nazo, Mwalimu. Toka nao uwanjani. Kama uwanja wenu wa mpira una upana wa mita 60 au zaidi, inatosha. Sentimita 10 kwa dhiraa moja: mraba wa 500 unakuwa mita 50, na ukuta wa nje mita 60. Tafuta kamba ya katani, vigingi, na futi ya fundi ya mita 5 au zaidi. Mashariki mtaipata kwa jua la asubuhi.

Wengi wataanza na ukuta wa nje, wazuie. Kigingi cha kwanza kiwe cha madhabahu. Kizungushie mraba wa mita moja na sentimita 20, maana Ezekieli 43 inapapa mahali pa moto pa madhabahu dhiraa 12 kwa 12. Kutoka kigingini mita 5 kila upande, huo ni ua wa makuhani, na endelea kwenda nje kama nilivyoandika juu. Pembe mraba zipate kwa 3, 4, 5 kwenye kamba. Hiyo ni hesabu waliyokwisha kuisoma. Nyumba yenyewe itakuwa mita 6 kwa 2 ndani. Wasimamishe watoto wachache humo, waliobaki wasimame ua wa watu kuzunguka, na yule binti msimamishe kwenye kigingi cha katikati na futi mkononi.

Ukimaliza nitumie picha, nipate kulinganisha na karatasi yangu. Na kamba ilowesheni maji kwanza muivute, katani ambayo haijavutwa hurefuka, mtapoteza sentimita nyingi kabla hamjafika ukutani.